Tabia ya mhusika ionekaneje kabla hajasema neno?

Swali

Ndugu wachoraji, ninachora hadithi ya vibonzo yenye dada wawili. Mkubwa ni mwangalifu, hafanyi jambo asilolipima mara mbili, na mdogo ni mkarimu mwenye papara ambaye kunyamaza kunamshinda. Mkubwa nimemvisha miwani, mdogo nikampa nguo za rangi kali, lakini wasomaji niliowaonyesha michoro huniambia tu kwamba mmoja ana miwani. Ninakosea wapi?

Jibu la kwanza

Ndugu, nadhani tatizo limejificha chini ya nguo. Kabla hujaugusa uso, wajaze wote wawili wino mweusi mpaka vibaki vivuli vitupu, kisha uangalie kama vinatofautiana. Ninahofia utakuta mwili mmoja uliovishwa mara mbili. Jicho huwahi kusoma umbo kabla ya mapambo: mraba huonekana thabiti na mkaidi, duara huonekana pole na changamfu, na pembe kali hutia wasiwasi. Katika filamu ya katuni ya Up ya mwaka 2009, mzee Carl amejengwa kwa miraba, kuanzia kichwa na miwani hadi kiti chake, ilhali mkewe Ellie na kiti chake wana mistari ya mviringo. Viti hivyo vikiwa vitupu, vimekaa ubavu kwa ubavu, bado unajua kipi ni cha nani, na mimi huona hilo ni somo kubwa kuliko sura zao.

Jibu la pili

Kuhusu kivuli ninakubaliana nawe, ila maumbo yasigeuzwe kuwa sheria, kwa sababu mtu mwangalifu anaweza pia kuwa mnene na wa mviringo. Mimi huanza na mstari mmoja utokao kichwani hadi unyayoni, unaoonyesha jinsi mtu anavyoubeba mwili wake. Wa mkubwa ungesimama wima, uzito ukiwa umerudi visiginoni. Wa mdogo ungepinda mbele kama upinde, uzito ukiwa vidoleni.

Halafu wavishe nguo zinazofanana kabisa, uwape kila mmoja barua ya kufungua. Mkubwa amebana viwiko ubavuni, ameielekeza bahasha kwenye mwanga ili asiichane barua iliyo ndani, na anaichana ukingo taratibu kwa ncha za vidole. Mdogo ameshaipasua katikati, kipande kimoja kinaanguka, naye amekwisha kumgeukia mtu wa kumsomea. Rangi ziache mwisho.

Muulizaji

Nawashukuru sana. Nilipojaza wino, vivuli vilikuwa kimoja kweli, hata urefu wa shingo ulilingana. Barua nimeichora mara tatu, na katika mchoro wa tatu kiwiko cha mdogo kilitoka nje ya fremu bila mimi kupanga, nami nimekiacha hapo hapo. Miwani ya mkubwa nimeiondoa. Je, niirudishe?

Jibu la pili

Irudishe ikiwa ana la kufanya nayo. Mchore akiifuta kwa upindo wa nguo kabla ya kumjibu mdogo wake, huku mdogo akisubiri mdomo wazi.