Lions 15-2 wametolewa, Tigers 86-76 wanasifiwa: naomba ushauri wa kupima misimu hii miwili

Shabiki_wa_Woodward (mleta uzi)
Habari zenu wanajukwaa. Naandaa tathmini ya Kiswahili kwa ajili ya kundi letu la mashabiki hapa Michigan, na tumekwama kwenye ubishi. Detroit Lions, timu ya futiboli ya Kimarekani, wamemaliza msimu wa 2024 wakiwa wameshinda mechi 15 na kupoteza 2, rekodi ambayo klabu haijawahi kuifikia. Halafu tarehe 18 Januari 2025, mechi yao ya kwanza ya mtoano, nyumbani Ford Field, wakapigwa 45-31 na Washington Commanders. Kwa upande wa besiboli, Detroit Tigers wameshinda 86 na kupoteza 76, wakaingia mtoano kwa mara ya kwanza tangu 2014, wakawatoa Houston Astros, wakaja kutolewa na Cleveland Guardians kwenye mechi ya tano, ya mwisho ya mfululizo wao wa mechi 5.

Nusu ya kundi wanasema Lions wamefeli na Tigers wamefaulu. Wengi wetu tumekulia kwenye ligi ya pointi, ambapo anayeongoza jedwali mwisho wa msimu ndiye bingwa na hakuna wa kumnyang'anya, kwa hiyo hili la mechi moja kufuta kazi ya miezi minne bado linauma, na linaniuma mimi pia. Lakini tathmini nataka isimame kwenye takwimu. Nitumie kipimo gani kinachofaa michezo yote miwili? Lions walivunjikia wapi hasa? Na mwaka 2025 tutarajie nini?

KalamuNaKaratasi
Mkuu, anza na tofauti ya pointi walizofunga na walizofungwa, usianze na mechi ya mwisho. Rekodi ya ushindi inaweza kudanganya kidogo, tofauti ya pointi hudanganya kwa nadra zaidi. Kutokana nayo unapata "ushindi unaotarajiwa", kisha unalinganisha na ushindi halisi. Kikokotoo cha simu kinatosha, alimradi kina kitufe cha kipeo (geuza simu ilale, kitajitokeza).

Lions: walifunga pointi 564, wakafungwa 342. Gawa 564 kwa 342, unapata 1.649. Ipandishe kwa kipeo cha 2.37, unapata 3.27. Sasa gawa 3.27 kwa 4.27, yaani namba hiyohiyo ukiwa umeiongezea 1. Jibu ni 0.766. Zidisha kwa mechi 17, unapata ushindi 13. Wao wana 15.

Tigers: ran (pointi za besiboli) 682 walizopata, 642 walizoruhusu. Hatua ni zilezile ila kipeo cha besiboli ni 2. Unapata 0.530, zidisha kwa mechi 162, jibu ni 86. Walishinda 86 kamili.

Watu hukosea sana kwenye kipeo. Ukitumia 2 kwa Lions utapata 12.4, na mtu atakuja kukubishia kundini. Kosa jingine ni kuchanganya mechi za mtoano ndani ya jumla. Hizo ziweke pembeni.

Kwa hiyo Tigers ni timu ya ushindi 86, hakuna bahati iliyowabeba ukiangalia msimu mzima. Lions ni timu ya 13 iliyopata 15. Timu ya 13 bado ni timu kubwa sana.

Mama_Nyota
Naongezea hapo, maana jumla ya 564 ina mechi tatu zilizoivimbisha: 47-9 dhidi ya Dallas Cowboys, 52-14 dhidi ya Tennessee Titans na 52-6 dhidi ya Jacksonville Jaguars. Ukizitoa hizo, mechi 14 zinazobaki ni pointi 413 kwa 313. Fanya hesabu ya ndugu hapo juu, unapata ushindi 9 unaotarajiwa, wakati halisi walishinda 12. Hapo ndipo utaona Lions walikuwa wakiishi kwenye mechi za ukingoni.

Hesabu mechi zilizoamuliwa kwa pointi 8 au chini ya hapo. Ziko 9, na Lions walishinda 7. Walizopoteza ni 20-16 kwa Tampa Bay na 48-42 kwa Buffalo. Mechi za namna hiyo kwa muda mrefu hurudi kwenye nusu kwa nusu. Hilo ndilo la kuwaandaa nalo watu wa kundi lako kwa msimu ujao.

KalamuNaKaratasi
Dada, nakubali kuhusu zile 9, ila sikubali kutoa mechi tatu kubwa. Ukimkata mtu ushindi wake mnono na kumwachia kila kitu kingine, lazima aonekane dhaifu. Kumpiga mtu 52-6 nako ni uwezo. Njia ya haki ni kuweka kikomo: ushindi wowote uliozidi pointi 21 uhesabu kama 21. Tofauti ya Lions inashuka kutoka 222 hadi 162. Bado ni zaidi ya pointi 9 kila mechi, na bado ni timu ya juu.

Mama_Nyota
Kikomo cha 21 nakikubali. Aandike hivyo.

Beki_Tatu
Swali la "walivunjikia wapi" lina jibu, na jibu halipo tarehe 18 Januari. Ligawe jedwali la pointi walizofungwa mahali pamoja tu, kabla ya mechi ya Green Bay ya tarehe 5 Desemba.

Mechi 12 za kwanza: walifungwa pointi 203, wastani wa 16.9.
Mechi 5 za mwisho: 31, 48, 17, 34, 9. Jumla 139, wastani wa 27.8.

Ile 9 ya mwisho, waliposhinda 31-9 dhidi ya Minnesota na kujihakikishia kupumzika raundi ya kwanza, ndiyo iliyotufunika macho. Ufa ulikuwepo mwezi mzima.

Sababu ni majeruhi, na walifuatana kwenye upande mmoja wa timu. Aidan Hutchinson alivunjika mguu Dallas tarehe 13 Oktoba, akiwa tayari amewaangusha makwotabeki (warushaji wa pasi wa wapinzani) mara 7 na nusu katika mechi 5. Alim McNeill, mtu wa katikati ya mstari wa ulinzi, aliumia goti kwenye mechi ya Buffalo, na siku hiyohiyo beki wa pembeni Carlton Davis akavunjika taya. Halafu dhidi ya Washington, Amik Robertson akavunjika mkono mwanzoni kabisa mwa mechi.

Hawa wanategemeana. Ukikosa wa kumbana kwotabeki kwa watu wanne wa mbele, kocha analazimika kutuma wa tano au wa sita kumkimbilia. Kila unayemtuma mbele unamtoa nyuma, na mabeki wa pembeni wanabaki mmoja kwa mmoja. Mabeki wenyewe wakiwa wa akiba, pasi zinapita. Jayden Daniels, kwotabeki wa Washington, alipewa muda na nafasi, akarusha yadi 299 na tachidauni 2 (mpira kufika eneo la mwisho la mpinzani) bila mpira wake hata mmoja kunaswa.

Shabiki_wa_Woodward (mleta uzi)
Asante sana Beki_Tatu, mgawanyo huo sikuwa nimeufikiria. Lakini je, mashambulizi hayana lawama? Lions walipata yadi 521 siku ile, Washington 481. Unapataje yadi nyingi kuliko mpinzani, nyumbani kwako, halafu unafungwa kwa tofauti ya pointi 14?

Beki_Tatu
Kwa kupoteza mpira mara 5 huku mwenzako hajapoteza hata mara moja. Yadi zinakuambia timu ilisogea, hazikuambii iliishia wapi. Pasi ya Jared Goff, kwotabeki wa Lions, aliyoinasa Quan Martin wa Washington ilirudishwa moja kwa moja hadi tachidauni, kwa hiyo hapo unahesabu pointi 7 za mpinzani pamoja na shambulizi lako lililokufa.

Ila ukiandika, usiseme "ukipoteza mpira mara 5 unafungwa, basi". Tarehe 10 Novemba kule Houston, Goff alinaswa pasi 5 peke yake na Lions wakashinda 26-23. Jake Bates, mpiga mateke wa Lions, alisawazisha kwa teke la yadi 58, kisha akaua mechi kwa teke la yadi 52 muda ukiisha. Siku ile ulinzi ulishika. Kwa hiyo makosa yaleyale, ulinzi tofauti, matokeo tofauti. Ndiyo maana nasisitiza Desemba.

Inningi_ya_Tisa
Wote mmejazana kwa Lions, wacha niwasemee Tigers, maana na wao wanapimwa vibaya kwa kusifiwa kupita kiasi.

Tarehe 10 Agosti walikuwa 55-63. Kuanzia hapo wakashinda 31 na kupoteza 13, na tarehe 27 Septemba wakajihakikishia nafasi kwa kuwafunga Chicago White Sox 4-1. Mechi hiyohiyo iliwapa White Sox kipigo cha 121, kikavunja rekodi mbaya ya New York Mets ya 1962. Furaha ilikuwa ya haki kabisa. Lakini kasi ya 31-13 ukiipeleka mechi 162 ni ushindi 114. Hakuna anayepaswa kuitarajia. Chukua 86, ndiyo namba yao, na uiweke kwenye mstari wake: 66 mwaka 2022, 78 mwaka 2023, 86 mwaka 2024. Huo mstari ndio habari njema.

Udhaifu wao uko kwenye kupiga. Msimu wa kawaida walipata ran 4.2 kwa mechi. Kwenye mechi 7 za mtoano walipata 3, 5, 0, 3, 3, 4 na 3. Wastani ni 3 kamili. Kwa kupiga huko, warushaji wako hawana ruhusa ya kukosea hata mara moja. Angalia mechi ya tano Cleveland: Tarik Skubal alikuwa amerusha inningi (zamu za kupiga) 17 za mtoano bila kuruhusu ran, Tigers wanaongoza 1-0. Inningi ya tano vituo vinajaa wakimbiaji wa Cleveland, mpigaji wao José Ramírez anagongwa na mpira na kupewa kituo, ran moja inaingia bure, 1-1. Mrusho unaofuata mwenzake Lane Thomas anaupeleka nje ya uwanja, ran nne kwa pigo moja. 5-1. Mwisho 7-3. Skubal ndiye mrushaji bora wa ligi yake mwaka huo, ushindi 18 kwa vipigo 4. Mrushaji wa namna hiyo akikosea mrusho mmoja na timu ikatolewa, tatizo ni kwamba alikuwa analinda ran moja tu.

Kitu kingine: A.J. Hinch, kocha wa Tigers, aliumaliza msimu akiwa na warushaji wachache wa kuanza, siku nyingi akibadilisha warushaji wa akiba kila inningi moja au mbili. Oktoba inafanya kazi kwa sababu kuna siku za mapumziko katikati. Kuanzia Aprili, mechi 6 kwa wiki, mikono inachoka. Ndiyo maana kumrudisha Jack Flaherty na kumsajili Alex Cobb, wote warushaji wa kuanza, ni usajili wa maana kuliko unavyosikika. Gleyber Torres ameletwa kwa ajili ya lile la kupiga.

Kituo_cha_Pili
Kwa wale wa "Lions wamefeli", wape hesabu hii fupi. Timu iliyopumzika raundi ya kwanza inahitaji kushinda mechi 3 mfululizo kuwa bingwa. Ipe nafasi ya asilimia 75 kila mechi, ambayo ni kubwa mno kwa hatua hiyo. 0.75 mara 0.75 mara 0.75 ni 0.42. Hata timu bora kiasi hicho, mara nyingi haitakuwa bingwa.

Tigers waliingia kwa tiketi ya ziada, kwa hiyo walihitaji kushinda mifululizo 4: wa mechi 3, wa mechi 5, kisha miwili ya mechi 7. Kwa nusu kwa nusu kila mfululizo ni 1 kati ya 16. Walishinda mmoja.

Mama_Nyota
Kuhusu 2025 kwa Lions: Ben Johnson, kocha wa mashambulizi, amekwenda kuwa kocha mkuu Chicago Bears, na wapo kundi moja na Lions, kwa hiyo watakutana naye mara mbili kila msimu akiwa anawajua kwa ndani. Aaron Glenn wa ulinzi amekwenda New York Jets. Kwa msimu wa 2025 nafasi zao zilichukuliwa na John Morton na Kelvin Sheppard. Weka na hili: aliyeongoza kundi lake hupangiwa mechi 3 dhidi ya viongozi wa makundi mengine. Ukijumlisha na zile 7-2 za ukingoni, ushindi 10 hadi 12 ni matarajio ya kweli. Msimu ukianza, fungua daftari la safu nne: pointi za kufunga, za kufungwa, mipira iliyopotea, na wachezaji wa kuanza waliokosekana upande wa ulinzi. Safu ya nne ndiyo tuliyoikosa mwaka huu. Kwa Tigers, jumlisha tofauti ya ran kila baada ya mechi 10, usiandike kila siku. Mechi 162 ukizifuatilia mojamoja utaishia kulaumu na kusifu kila asubuhi.

Shabiki_wa_Woodward (mleta uzi)
Nawashukuru wote. Rasimu imekaa hivi: "Lions: uwezo wa ushindi 13, walipata 15, ulinzi uliporomoka kutoka 16.9 hadi 27.8 kuanzia Desemba kwa majeruhi. Washington walimaliza kazi baada ya Goff kupoteza mpira mara 5. Tigers: uwezo wa 86, walipata 86, mtoano waliangushwa na kupiga, ran 3 kwa mechi." Kuna cha kurekebisha?

Beki_Tatu
Kimoja. Goff alipoteza mara 4: pasi 3 zilizonaswa na mpira 1 uliomtoka mkononi. Ya 5 ni pasi ya Jameson Williams, mpokeaji, kwenye mchezo wa kuwahadaa ulinzi ambapo yeye ndiye aliyerusha. Andika "Lions kupoteza mpira mara 5".

Shabiki_wa_Woodward (mleta uzi)
Nimerekebisha. Naituma kundini usiku huu.