Mwenye jukwaa kutoza API: haki yake au ubabe?

MsomaBili: Wadau, nauliza. Mwaka 2023 Reddit walipanga dola 0.24 kwa kila rikwesti (maombi) 1,000 za API, yaani mlango ambao programu moja inapitia kuomba kitu kwa nyingine. Apollo, app ya iPhone ya kusomea Reddit, ilikuwa inatuma kama bilioni 7 kwa mwezi. Piga hesabu: karibu dola milioni 20 kwa mwaka. Christian Selig, aliyeitengeneza, akaifunga 30 Juni. Hii ni sawa?

ChumaChaReli: Sawa kabisa. Seva hazili upepo. Tatizo mmezoea dezo. Hata Google aliiba Java, lugha ya programu ya Oracle, akajengea Android, leo mnampigia makofi.

Kapuku_wa_Kodi: Aliiba? Soma kwanza, mkuu. 5 Aprili 2021 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, majaji 6 kwa 2, kwamba yalikuwa matumizi ya haki (fair use), yaani kunakili kunakoruhusiwa bila kibali. Walichonakili ni mistari kama 11,500 ya matamko, yaani majina na mpangilio wa amri, kati ya milioni 2.86. Code inayofanya kazi yenyewe waliiandika upya.

ChumaChaReli: Umeruka kipande. Mahakama haikusema API haina hakimiliki. Ilichukulia tu kuwa inayo, ikahamia kwenye matumizi. Mahakama ya rufaa mwaka 2014 ilisema wazi inalindwa.

BintiSeva: Jamani, mnagombania vitu viwili tofauti. API ya Java ni majina na mpangilio: `Math.max` inapokea namba mbili, inarudisha kubwa. Ukiiandika upya kwenye mashine yako, Oracle haingii gharama hata senti. API ya Reddit kila rikwesti inagonga database yao. Ya kwanza ni swali la hakimiliki, ya pili ni bei ya huduma. Ulaya la kwanza lilijibiwa 2 Mei 2012, kesi ya SAS na World Programming: utendaji wa programu na lugha yake havilindwi.

ChumaChaReli: Dada, usinifundishe database. Anayepoll, yaani kuuliza seva kama kuna kipya, kila sekunde 10 anatuma rikwesti 8,640 kwa siku kwa mtumiaji mmoja. Watumiaji 1,000 ni milioni 8.64, yaani zaidi ya dola 2,070 kila siku kwa bei ile. Nani abebe uzembe huo?

BintiSeva: Hapo nakubali, lakini Apollo haikuwa hivyo. Wastani wao ulikuwa rikwesti 344 kwa mtumiaji kwa siku, kama dola 2.50 kwa mwezi. Kilichoua ni muda: bei zilitoka mwisho wa Mei, zikaanza 1 Julai, na watu walishalipia mwaka mzima kwa bei ya zamani.

Mpiga_STK: Wengi bili wanajitengenezea. Kwenye Daraja, API ya M-Pesa, tokeni (kibali cha muda cha kuingia) inadumu sekunde 3,599, lakini mtu anaomba mpya kwa kila STK push, ile meseji inayomtaka mteja aweke PIN. Kisha callback URL yake, anwani ya kupokelea majibu, haifikiki kutoka nje, anaishia kuulizia hali ya muamala kila sekunde. Hifadhi tokeni, iombe upya ikibaki dakika moja. Ukipata kosa 429 (umetuma rikwesti nyingi mno) ongeza muda wa kusubiri: sekunde 1, 2, 4, 8.

MsomaBili: Na Apple je? Mwaka 2024 walileta yuro 0.50 kwa kila usakinishaji wa kwanza wa mwaka ukivuka milioni moja, Ulaya. Utetezi wao: tunawapa API zaidi ya 250,000. Hapo seva iko wapi? Code inakimbia kwenye simu ambayo mnunuzi ameshailipia.

BintiSeva: Ndiyo maana DMA, sheria ya Ulaya ya masoko ya kidijitali, kifungu cha 6(7), inataka watengeneza app wapewe njia ya kuunganisha na vipengele vya simu bila malipo. Apple nao wanasema wanalipisha teknolojia yote, si mlango. Mimi naona ni mlango.

ChumaChaReli: Porojo. Google aliiba, basi.

Kapuku_wa_Kodi: Bado uko huko? Baraza la raia waamuzi (jury) la 2012 kwenye kesi hiyo lilikuta kilichonakiliwa ni kipande cha code kinachoitwa `rangeCheck`, mistari 9. Jaji akaongeza mafaili 8 ya majaribio. Fungua hiyo mistari 9 uisome, kisha urudi.