Godzilla wa kijani nataka awe rangi ya mkaa: brashi, kopo la kupuliza au kompresa ya gereji?

Mwamba wa Kirumba
Wakuu, habari za jioni. Nina sanamu ya Godzilla, yule mjusi zimwi wa sinema, ya vinaili laini (plastiki inayobonyea), kimo kama sentimita 23, zawadi ya mjomba. Umbo safi, tatizo rangi: kijani cha mchicha. Yule wa kwanza kabisa, wa Japani 1954, vazi lake lilikuwa kijivu cha mkaa, ila filamu ilikuwa ya nyeusi na nyeupe kwa hiyo wengi hatukujua. Nataka nimrudishie mkaa wake. Kwa hapa Mwanza naona njia tatu: akriliki kwa brashi, kopo la kupuliza la duka la vifaa vya ujenzi, au nimpeleke kwa fundi wa gereji Nyakato ampige duko, rangi ya magari, kwa kompresa. Hiyo ya tatu inanivutia, dakika kumi kazi imeisha. Nishaurini kabla sijaharibu.

Dogo Igoma
Duko mkuu. Atang'aa kama basi jipya la Musoma.

Bi Sangara
Dogo, nani alikwambia Godzilla anatakiwa ang'ae?
Mwamba, mimi wangu nilimpiga kopo la kupuliza. Siku ya kwanza alipendeza, nikampiga na picha. Wiki ya tatu nikimshika kidole kinaacha alama. Mwezi wa pili namtoa kabatini, kang'ang'ania gazeti nililomsimamisha juu yake. Nilipomvuta, nusu ya ukurasa wa michezo ikabaki nyayoni. Vinaili laini ina vilainishi ndani, vinajitokeza juu polepole, vikikutana na rangi za mafuta nyingi rangi haikauki tena. Duko nalo lina tina kali, ile ya kuzimulia rangi, na tina inaila plastiki. Chukua akriliki ya maji, upake nyembambanyembamba.

Fundi Kijiti
Naunga mkono Bi Sangara, niongeze ya mezani.
Muoge kwanza: maji ya vuguvugu, sabuni ya vyombo, mswaki wa zamani, maana bado ana mafuta ya kalibu. Akauke usiku kucha. Mikono na mkia vichovye kwenye maji ya moto dakika chache, vinalegea, unavichomoa bila kuvunja. Usiache kufanya hivyo, kwani mabegani ndipo rangi inapokwanguka kila akizungushwa.
Rangi izimue kwa maji mpaka iwe kama maziwa. Tabaka la kwanza litakuwa mabaka matupu na utatamani kuongeza rangi nzito. Usiongeze! Acha likauke, rudia mara tatu, nne. Na mkaa si nyeusi tupu. Nyeusi, nyeupe kidogo, tone la kahawia.
Halafu utamu wenyewe. Chovya brashi iliyochakaa kwenye kijivu hafifu, ifute kwenye tishu mpaka udhani haina kitu, ndipo uipitishe haraka juu ya ngozi. Vinundu vinashika rangi, mabonde yanabaki na giza. Hapo mjusi anaamka, hata mimi huwa nashtuka. Macho malizia kwa kijiti cha meno, pumzi umeibana.
Asetoni usiikaribishe hata chumbani.

Mzee wa Capri Point
Vijana msiionee kompresa, kosa ni la rangi inayowekwa ndani. Ninayo eabrashi ndogo, kalamu ya kupuliza rangi kwa hewa, napuliza akriliki hiyohiyo, na kwa sura za binadamu brashi haiifikii: shavu linatoka jeusi kwenda jekundu bila mstari. Ila lazima uwe na chujio la kunasa maji kwenye mpira wa hewa, na umeme ukikatika katikati rangi inakauka kwenye sindano. Kwa Godzilla mwenye ngozi ya mawe, ni gharama bure.
Vanishi isiyong'aa ya kufunika rangi mwishoni, hapo ndipo niwaonye. Nilipuliza yangu barazani Aprili, mvua imetoka kukata. Ikageuka ukungu mweupe, sanamu ikawa kama imeanguka kwenye debe la sembe. Jioni nyingine, anga kavu, wakaja usubi wa ziwani kufuata taa. Nikawatoa tisa kifuani kwa kibanio cha nyusi. Puliza mchana, jua limeshakausha hewa, taa zimezimwa.

Mtozi
Kabla ya yote, mgeuze miguu. Kama ni wa zamani, ana muhuri wa Kijapani na rangi ya kiwandani, usimguse. Watozi wa sanamu wananunua hiyo rangi ya kwanza hata ikiwa imechubuka. Ukishapaka, umebaki na pambo.

Mwamba wa Kirumba
Shikamoo Mzee, asanteni wote. Mtozi, nimemgeuza: ameandikwa China, hana ukoo wa kuogopa. Nimechagua akriliki na brashi. Jana usiku nimejaribu unyayo wa kushoto tu, leo asubuhi haunati. Mke wangu anauliza kwa nini mjusi amelala chali kwenye ungo wake.

Dogo Igoma
Kwa hiyo duko hapana kabisa?

Bi Sangara
Mwamba, usishangilie. Wangu naye siku ya kwanza alikuwa mkavu. Mwache wiki tatu, umguse tena ndipo uje hapa. Na ungo wa watu urudishe.