Kaka yangu huchoka kabla ya adhuhuri: ni uvivu au ni athari ya kuumia uti wa mgongo?

Dada wa Wete:
Assalaam alaykum. Kaka yangu alianguka mkarafuuni wakati wa mavuno, akaumia uti wa mgongo sehemu ya kifua, na tangu hapo hana nguvu wala hisia za miguu. Kiti cha magurudumu anakiendesha mwenyewe. Linalotushinda ni uchovu. Kuoga na kuvaa humalizia asubuhi yake, kisha hurudi kitandani, na adhuhuri ikiingia hana nguvu hata ya kuzungumza na wanawe. Wazee nyumbani wanasema amejiachia, na yeye mwenyewe ameanza kuyaamini maneno hayo, jambo linaloniumiza sana. Je, uchovu huu unatokana na kuumia kwake, na upo utaratibu wa kuupunguza?

Muuguzi, Mkoani:
Waalaykum salaam, dada yangu. Uchovu ni lalamiko la kawaida sana kwa walioumia uti wa mgongo, na tafadhali waambieni wazee kwamba si uvivu. Hata hivyo, msiukubali kabla ya kutafuta sababu zinazotibika. Anzeni na mkojo, hasa kama anatumia mpira wa kutolea mkojo: kwa kuwa hana hisia za chini, maambukizi huenda yasimchome kama yanavyotuchoma sisi, bali yakajitokeza kwa uchovu, homa, mkojo wenye ukungu au harufu kali, na miguu kukakamaa au kurukaruka kuliko kawaida yake. Mkagueni pia matako, nyonga na visigino kila siku, kwani kidonda cha kulalia humaliza nguvu za mwili bila mwenyewe kuhisi maumivu.

Kisha pelekeni dawa zake zote kwa daktari, ndani ya pakiti zake. Baklofeni ya kulegeza misuli, gabapentini na amitriptilini za maumivu ya neva, zote huleta usingizi, na mara nyingine kupunguza kipimo au kubadilisha saa ya kumeza hutosha. Asiache dawa hizo kwa uamuzi wake. Baklofeni ikikatizwa ghafla inaweza kuleta degedege. Ombeni apimwe wingi wa damu, na mumuulize kwa upole kuhusu usingizi wake na huzuni, kwa sababu sonona huja ikiwa imevaa sura ya uchovu.

Mkaazi wa Makunduchi:
Nakubaliana na muuguzi, nami naongeza yangu kama mtu ninayeishi juu ya kiti. Watu huona tumekaa, wakadhani tumepumzika, ilhali mabega yetu yanafanya kazi ya miguu: kujiinua kutoka kitandani, kuvuka kizingiti, kusukuma magurudumu kwenye mchanga. Mimi niliacha kuoga asubuhi. Naoga usiku nikisaidiwa, nalala nikiwa safi, na nguvu za asubuhi nazipeleka dukani kwangu, ambako ndiko ninakojiona mtu miongoni mwa watu. Muulizeni kaka yenu ni jambo gani analolitaka zaidi katika siku yake, iwe ni kusomesha chuoni au kukaa barazani na wenzake, kisha mlipangie saa yake ya nguvu, na mengine yafuate au mumsaidie bila kumuonea aibu. Wakati wa kaskazi mkae naye kivulini na kitambaa cha maji, maana walioumia sehemu ya juu ya mgongo hawatoki jasho vizuri chini ya pale walipoumia, na joto huwachosha upesi. Na hicho kizingiti, kama kipo, kiwekeeni mteremko wa saruji usio mkali.

Dada wa Wete:
Nawashukuru nyote. Nimeutazama mkojo wake leo na una ukungu, kwa hiyo kesho tunakwenda hospitali pamoja na pakiti za dawa. Nilipomuuliza analolitaka, alijibu bila kusita kwamba anataka kuwasomesha wanawe Kurani baada ya alasiri, basi kuoga tutakuhamishia usiku, na fundi nimeshazungumza naye kuhusu mlango.