Lionel 2037: niivunje niweke mota mpya au niiache?

kijana_wa_ohio: Wakuu habari za jioni. Niko huku Ohio, nimepata treni ya kuchezea ya zamani, Lionel 2037 ya miaka ya 50, ile ya reli tatu, na tenda yake ya honi (kile kibehewa kinachofuata nyuma ya injini) ipo. Inatembea ila kwa kusuasua, halafu ile swichi ya kugeuza mwelekeo, wanaiita E-unit, inanguruma muda wote mpaka kero. Nataka nitoe vyote vya ndani niweke mota ya DC (umeme wa mwelekeo mmoja, kama wa betri) na bodi ya kuendeshea kwa simu, ila naona fremu itabidi ikatwe. Mnanishauri nini?

fundi_waya: Usikate kitu mkuu! Hiyo mota mara nyingi haijafa, ni uchafu tu. Fungua kile kibao kinachoshika kaboni (vile vijiti vinavyopeleka umeme kwenye mota), utakuta komuteta, yaani kile kisahani cha mota kinachoguswa na kaboni, nyeusi tii, ina vipande vitatu vya shaba, ifute na kitambaa chenye spiriti, ile mifereji katikati ya vipande ikwangue na kijiti cha meno maana ndo vumbi la kaboni linajazana humo linakula umeme. Kaboni zikiwa fupi badilisha, bei yake ndogo sana. Oili tone moja tu kwenye shafti, kwenye komuteta USIWEKE. Mngurumo nao una dawa, weka rektifaya ndogo ili koili (waya uliozungushwa) ya swichi ipate DC badala ya AC (umeme unaobadili mwelekeo, kama wa ukutani), itanyamaza, ila hakikisha koili haigusi tena chuma cha treni. Na siku ukitaka kurudisha kama zamani unarudisha.

bi_mkubwa_reli: Fundi kasema kweli. Mi naongezea transfoma, angalia waya wa ukutani kwanza, zile za zamani mpira wake unapasuka ukiukunja, ukiona nyufa badilisha kabla hujachomeka. Na ukija kuweka bodi ya kisasa weka na fyuzi ya haraka, sababu kikata umeme cha transfoma za zamani kinachelewa kuruka, treni ikitoka relini bodi inaungua kabla hakijashtuka.

kijana_wa_ohio: Asanteni sana. Sasa nikilisha reli DC moja kwa moja si mngurumo unaisha bila kufungua kitu?

fundi_waya: Mota itazunguka vizuri tu, inakula AC na DC zote, ila honi ya tenda inaamshwa na DC, kwahiyo italia bila kukoma. Baki na AC.

bi_mkubwa_reli: Na rangi hata ikichubuka usipige upya, wakusanyaji wanataka ya kiwandani. 2037 zipo nyingi na si ghali, kama hamu ya simu haiishi tafuta nyingine iliyokwisha haribika ndo ukate hiyo, hii ya kwako ina honi nzima mwanangu, iache itembee.