Pasaka siku nne kutoka Dodoma: Dar na Unguja tuzigawe vipi?

Mama Amani
Wakuu, habari za leo. Naomba mawazo yenu kuhusu safari ya Pasaka. Tuko watano: mimi, baba Amani, watoto wawili wa miaka 9 na 6, na mama mkwe ambaye ana miaka 68. Tunaondoka Dodoma Alhamisi jioni kwa SGR. Jumanne asubuhi watu wazima tuko kazini, kwa hiyo Jumatatu ya Pasaka jioni lazima tuwe ndani ya treni ya kurudi. Hapo katikati tunataka jiji na kisiwa, vyote viwili. Watoto hawajawahi kuiona bahari.

Mipango niliyonayo ni minne:

1. Ijumaa na Jumamosi tuwe Dar, Jumapili tuvuke kwenda Unguja, Jumatatu turudi na kuunganisha na treni.
2. Ijumaa asubuhi twende Unguja moja kwa moja, tulale huko mara mbili, Jumapili turudi Dar, Jumatatu tuzunguke jiji halafu treni.
3. Tubaki Dar siku zote, kisiwa kiwe Mbudya au Bongoyo kwa siku moja.
4. Mafia.

Mimi navutiwa na wa kwanza, maana kumalizia Unguja naona ndiyo raha yenyewe. Baba Amani yuko na wa tatu kwa ajili ya mfuko. Mama mkwe anaogopa boti tangu ajali za 2011 na 2012, na sharti lake jingine ni moja tu: asikose misa ya Pasaka.

Nahodha wa Malindi
Dada Mama Amani, karibuni sana Unguja. Mpango wa kwanza uache kabisa. Jumapili mkivuka na boti ya asubuhi, mpaka mfike, mtoke bandarini, mpate chumba na mle, ni saa nane mchana. Kesho yake mchana mko tena kwenye foleni ya boti. Mtakuwa mmeiona Unguja dirishani.

Lakini kubwa zaidi ni hili: usiweke boti na treni siku moja ukiwa unarudi. Boti husimamishwa bahari ikichafuka. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipoikaribia pwani, boti za Dar na Unguja zilisimama, na watu wakabaki upande waliokuwepo. Msimu wa masika vimbunga si vya kila mwaka, lakini upepo wa kuahirisha safari moja si jambo la ajabu. Ukirudi Dar Jumapili, una usiku mzima wa akiba. Kisiwa kwanza, jiji mwisho.

Kuhusu hofu ya mama, mwambie hivi. Meli ya 2011 ilikuwa ikienda Pemba usiku, imejaza watu kupita kiasi. Ya 2012 ilizama Julai, kusi, yaani upepo mkali wa kusini, limeshika. Pasaka huangukia kaskazi, upepo wa kaskazini, inapoondoka na kusi halijakaza, kwa hiyo bahari ya mkondo wetu mara nyingi huwa na nafuu. Boti za kasi za sasa zinavuka kwa muda wa saa mbili hivi, mchana kweupe. Mkae chini, nyuma kidogo, katikati ya boti, ndipo inapoyumba kidogo. Dawa ya kichefuchefu imezwe kabla ya kupanda, maana ukishaanza kutapika haisaidii tena.

Kijana wa Upanga
Wakuu, mbona Mbudya imepitwa tu? Nitaitetea. Unakwenda Kunduchi, unapanda boti ndogo, dakika chache uko kisiwani. Ni hifadhi ya bahari, unalipa kiingilio, unapewa kibanda cha makuti, unaagiza samaki mzima wa kukaanga na chipsi, watoto wanashinda majini. Jioni uko mjini. Kwa watoto ambao hawajawahi kuona bahari, hiyo peke yake inatosha kuwakosesha usingizi. Na hakuna nauli ya boti kubwa ya watu watano mara mbili, ambayo ndiyo itakayokula bajeti yenu kuliko chumba.

Ila ukweli nao niuseme. Aprili ndio mwezi wa mvua nyingi Dar. Mbudya haina pa kwenda mvua ikikukuta, makuti yale ni kivuli cha jua. Mji Mkongwe mvua ikinyesha unaingia ndani, unakunywa kahawa, unasubiri.

Bi Shangani
Mama Amani mwanangu, hiyo misa mbona imeshapata jibu. Kanisa la Mtakatifu Yosefu, sisi tunaliita Minara Miwili, liko hapa hapa Shangani. Mama aende mkesha wa Jumamosi usiku, au misa ya Jumapili asubuhi kisha mpande boti ya mchana. Ukilala Mji Mkongwe ni kutembea kwa mguu. Kama ni Waanglikana, kanisa lao liko Mkunazini, pale palipokuwa na soko la watumwa mpaka lilipofungwa 1873. Hata kama si wa dhehebu hilo, mpeleke huyo wa miaka 9 aione sehemu ile. Ameshakua wa kuelewa.

Chakula: wageni wote huletwa Forodhani usiku, na ni pazuri, taa na upepo wa bahari na vijana wanaoruka ukutani kuingia majini. Lakini urojo usiungoje Forodhani. Kunyweni alasiri, mitaani, kwa mama mwenye sufuria yake. Angalia mkono wake: anaanza na viazi na kachori chini ya bakuli, anavunja bajia, anamwaga urojo wa moto wa manjano wenye ukali wa embe, mishkaki anaichomoa kwenye kijiti papo hapo, anatia chatne ya nazi, juu kabisa chipsi za muhogo zikiwa bado zinalia. Pilipili mwambie aweke pembeni kwa ajili ya watoto.

Mavazi: kanga moja begani ukitembea mitaani inatosha, nguo za kuogea ziishie ufukweni. Hapo tutaelewana na kila mtu.

Fundi wa Kilindoni
Mafia ni kwetu na ninaipenda, lakini kwa siku hizi nne nasema hapana. Kwa barabara mnakwenda mpaka Nyamisati, kule Kibiti, ndipo mnavuka kuja Kilindoni, na chombo kinafuata maji. Na mama wa miaka 68 na mtoto wa miaka 6, siku mbili zitaishia njiani. Ndege zipo kutoka Dar, ni safari fupi, ila kwa watu watano hesabu inakuwa nzito. Halafu papa potwe, ambao ndio wengi wanawafuata, msimu wao ni kuanzia Oktoba au Novemba mpaka Februari, ukichelewa Machi. Njooni Desemba, mkae wiki.

Mdau wa Moro
Nina wazo tofauti kidogo na Nahodha. Alhamisi mtafika Dar usiku mkiwa mmechoka, boti ya kwanza ni saa 1 asubuhi. Kuwaamsha watoto saa 11 alfajiri, na bibi, halafu bandarini na msongamano wa Ijumaa Kuu? Mimi ningepanda ile ya saa 3:30. Mnapoteza saa mbili na nusu, mnapata familia yenye furaha.

Na tiketi: za treni ya Jumatatu ya Pasaka jioni zikateni leo hii. Watu wa Moro na Dodoma wote hurudi jioni hiyo. Boti nazo kateni ofisini au mtandaoni kwao wenyewe. Pale nje ya bandari ya Dar atakuja mtu kukuambia kwamba boti imejaa na yeye anayo nafasi. Mpite. Vitambulisho vya taifa wakubwa wote wabebe, na vyeti vya kuzaliwa vya watoto.

Nahodha wa Malindi
Saa 3:30 nakubali. Sasa tuzungumze ufukwe, maana hapa ndipo wengi wa bara hupata shida na kusema Unguja wamedanganywa.

Pasaka hufuata mwezi. Ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia tarehe 21 Machi. Maana yake wikiendi hiyo mara nyingi huwa kwenye bamvua, yaani siku za maji kujaa na kupwa sana, au ndiyo kwanza bamvua linaondoka. Kwetu siku za bamvua maji hujaa alasiri, saa kumi au kumi na moja, na hupwa asubuhi kati ya saa nne na saa tano. Tofauti ya kujaa na kupwa hufika mita nne hivi. Paje, Bwejuu na Jambiani ufukwe wake ni tambarare mno, kwa hiyo saa nne asubuhi bahari imekwenda mbali mpaka mwambani. Mtu aliyeamka na taulo begani anakuta mchanga mtupu. Nungwi na Kendwa, kaskazini, sakafu ya bahari inashuka haraka, unaogelea asubuhi, mchana, wakati wowote.

Kwa hiyo: Ijumaa mkishuka bandarini chukueni gari moja kwa moja Nungwi au Kendwa, mwendo wa saa moja na nusu hivi. Mlale huko. Jumamosi baada ya chakula cha mchana rudini Mji Mkongwe, mama awahi mkesha. Daladala ipo, namba 116, lakini na mabegi na mama mzee mimi ningekodi gari.

Bi Shangani
Nahodha, kuhusu maji nakukubali, wewe ndiye mtu wa bahari. Lakini kumhamisha mama wa miaka 68 kila siku kitanda kipya mimi siafiki. Alhamisi Dar, Ijumaa Nungwi, Jumamosi Mji Mkongwe, Jumapili Dar tena. Vitanda vinne siku nne! Walale Mji Mkongwe usiku zote mbili. Jumamosi waende ufukweni na kurudi, mama akitaka abaki anapumzika barazani.

Na hao watoto, hawajui kuogelea. Kwao maji kupwa ndiyo neema. Wapeleke Jambiani saa nne asubuhi: watatembea kwenye vidimbwi, wataona samaki wadogo, viti vya pwani wale wenye umbo la nyota, kaa wanaokimbilia mashimoni, na akina mama wa mwani wameinama kwenye vigingi na kamba zao wakifunga mbegu. Maji yanawafika kwenye vifundo vya miguu. Mzazi hana wasiwasi. Mvalishe kila mmoja viatu, mawe yapo na miba ya baharini ipo. Alasiri maji yakijaa, baba anawashika mikono wanaingia.

Kijana wa Upanga
Bi Shangani hapo umenishinda hata mimi wa Mbudya.

Sasa niwape ya Dar, kwa mpango wa pili. Usiku wa Alhamisi na wa Jumapili laleni katikati ya jiji, Kisutu, Posta au Kariakoo. Kuna ndugu atawaambia njooni mlale kwetu Kimara au Mbezi. Mshukuruni sana, ila mvua kubwa ikinyesha pale Jangwani maji hujaa na Barabara ya Morogoro hufungwa, mwendokasi nayo inasimama. Bandari ya boti na stesheni ya SGR zote ziko upande wa mjini, kwa hiyo ukilala mjini Jangwani haikuhusu.

Jumatatu asubuhi: soko la samaki Feri mapema, watoto waone pweza na jodari wakipigiwa mnada. Kisha pantoni ya Kigamboni, kwenda na kurudi, burudani ya bei ndogo kuliko zote jijini. Baadaye Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, na mvua ikinyesha mko ndani. Kanisa la Azania Front liko hapo hapo njiani, ukingoni mwa maji. Coco Beach na mihogo yake ningeiacha siku hiyo, sikukuu watu huwa wengi mno na foleni ya kurudi inaweza kuwafanya muikose treni.

Mama Amani
Shikamoo Bi Shangani. Wakuu wote ahsanteni. Nimewasomea nyumbani. Baba Amani kaniuliza swali: tofauti ya gharama kati ya kulala usiku mbili Unguja na kulala Dar tu ni kubwa sana? Na mama mkwe anauliza, ndege ikoje?

Mdau wa Moro
Nauli ya boti mtalipa kwa shilingi kama raia, siyo dola, na ile bima ya dola 44 inayotozwa tangu Oktoba 2024 ni ya wageni kutoka nje, nyie haiwahusu. Vyumba ndipo mtakapopumua: masika wageni wa nje wanapungua, hoteli nyingi za Unguja hushusha bei baada ya msimu mkubwa, na nyingine zinafunga. Piga simu uliza bei ya Mtanzania, usichukue bei ya kwenye mtandao. Chumba cha familia Mji Mkongwe kinaweza kukupa nafuu kuliko vyumba viwili vya Posta.

Ndege ni kama dakika ishirini angani. Mpeleke mama na mwanawe kwa ndege Ijumaa, wewe na watoto mje na boti, mkutane huko. Akishaiona bahari ilivyo tulivu kutoka juu, kurudi ataamua mwenyewe.

Bi Shangani
Marahaba mwanangu. Chumba uombe cha ghorofa ya chini. Nyumba zetu za zamani ngazi zake ni kali na hazina lifti, na magoti ya mama yatakushukuru.

Mama Amani
Tumeamua. Mpango wa pili, usiku zote mbili Mji Mkongwe, Jumamosi Jambiani, mkesha Minara Miwili, Jumapili boti ya saa 6:30 mchana, kulala Kisutu. Mama mkwe na baba Amani ndege ya kwenda. Tiketi za treni ya Jumatatu nimeshakata. Nahodha, Jumamosi tutoke mjini saa ngapi ili tuyakute maji yamepwa?

Nahodha wa Malindi
Saa mbili asubuhi muwe ndani ya gari. Ukinitumia tarehe kamili wiki hiyo nitakuangalizia majedwali ya maji nikupe saa yenyewe.