Wakuu naomba ushauri: kijana wangu ni kwotabeki chuo huku Marekani, abaki benchi timu kubwa au ahame akapate namba?

Baba wa Mrushaji (mleta uzi)
Wakuu habarini za humu ndani. Mimi niko Columbus, Ohio miaka mingi sasa, naendesha lori. Nina kijana yuko chuo mwaka wa kwanza anacheza ule mpira wao wa Kimarekani, nafasi ya kwotabeki, yaani yule anayepokea mpira wa kwanza na kuamua aurushe kwa nani, ampe mkimbiaji au akimbie nao mwenyewe. Timu yake ni ya wale wanaotajwa ubingwa kila mwaka ila yeye ni namba tatu, msimu mzima kazi yake kushika kompyuta kibao pembeni ya uwanja na kumtengea mwenzie maji. Sasa tunafikiria aingie portali ya uhamisho, ile orodha ya wachezaji wanaotaka kuhama chuo. Kuna chuo kidogo wanampa namba moja kwa moja, na kingine kikubwa kinamtaka ila atagombania. Swali langu ni moja tu, makwotabeki wa timu bingwa siku hizi wanapatikana kwa njia ipi? Usingizi sina wakuu. Nataka hoja, matusi hapana.

Kipanga wa Tandika
Nimevuta kigoda nasubiri wajuzi. Ila mpira unashikwa kwa mikono dakika zote halafu wanauita wa miguu, hawa jamaa nao.

Mama Nasra
Baba hongera kwa kumfikisha mtoto chuo. Lakini mbona hujasema anasoma nini? Kuna mpwa wangu alikuwa timu ya vijana ya klabu moja kubwa hapa Dar, shule akaacha form three, goti likaenda, sasa hivi anaosha magari Sinza na kila ukimkuta anakuhadithia bao alilofunga. Elimu kwanza jamani.

Papa Uvira
Bandugu, miye niko huku Louisville. Mutoto wangu naye alichezaka high school, bakamuweka kwenye line kwa sababu ni munene, hakuguseaka mupira hata siku moja. Wewe wako anarusha mupira unalalamika? Shukuru Mungu.

Mchambuzi Huru
Mkuu njia moja haipo, na kwotabeki peke yake hachukui ubingwa, anachukua akikutana na mfumo unaomfaa. Chukua Joe Burrow, alikuwa benchi hapo hapo kwenu Columbus, Ohio State, akahamia LSU, chuo cha Louisiana. Msimu wa 2019 akarusha pasi 60 za tachdauni, yaani za kufunga, timu ikamaliza 15-0, haijafungwa hata mechi moja. Wengi wanaishia hapo, hawasemi kwamba 2018, mwaka wake wa kwanza pale LSU, alikuwa wa kawaida tu. Kilichobadilika ni kuja kwa kocha Joe Brady kutoka New Orleans Saints, timu ya NFL, ile ligi ya kulipwa, wakaanza kutawanya wapokeaji watano, mabeki hawajui wamkabe nani, na Burrow kabla mpira haujaanza ameshasoma nani atakuwa wazi.

Sasa mbebe Burrow huyo huyo umpeleke Michigan ya 2023 uone kama atapata hizo 60. Michigan walichukua ubingwa kwa kukimbia na mpira na kukaba. Penn State walipigiwa mikimbio 32 mfululizo mpaka mechi ikaisha, J.J. McCarthy mechi nzima karusha pasi 8. Nane! Na bado akawa bingwa, na NFL wakamchukua raundi ya kwanza. Kwa hiyo usiulize "namba moja au benchi", uliza kocha wa mashambulizi ni nani, anachezaje, na mwakani atakuwepo?

Maana hata hilo la mwisho lina tabu yake. Fainali ya Januari 2025, Ohio State wanaongoza Notre Dame 31-23, dakika za lala salama, dauni ya tatu na yadi 11, yaani jaribio la tatu na bado wanadaiwa yadi 11. Hapo wengi wangekimbia nao tu saa iende, ukikosa pasi saa inasimama unawapa wenzio muda. Chip Kelly, kocha wao wa mashambulizi, akaita pasi ndefu. Will Howard, ambaye naye alihamia kutoka Kansas State, akautupa pembeni kwa Jeremiah Smith aliyebaki na beki mmoja, yadi 56, kwisha habari. Haikupita muda Kelly huyo akaenda Raiders ya NFL. Kama ulimpeleka mtoto kwa ajili ya Kelly ushaachwa stendi.

Halafu mkuu nikuulize. Unasema "tunafikiria" kuingia portali. Dirisha la 2026 lilifunguliwa Januari 2 likafungwa Januari 16. Leo ni mwisho wa mwezi. Mnafikiria kuingia wapi?

Mkenya wa Dallas
Haha buda hapo umeshikwa. Lakini pia nisaidie kitu, huyo kijana amewahi kucheza raga? Juu Daniel Adongo wetu alitoka raga akaenda Colts ya NFL 2013 na hakuwa amecheza hiyo game hata siku moja. Sisi tuna miili ya linebacker, wale wa kukaba, hii mambo ya QB, yaani kwotabeki, mnajipea stress.

Baba wa Mrushaji
Mchambuzi asante kwa darasa, nimesoma mara mbili. Sawa, jina lilishaingia, sikutaka kuanza na hilo maana najua humu mngerukia hapo hapo. Lakini sioni kosa, Fernando Mendoza katoka Berkeley kule California akaenda Indiana, msimu mmoja tu kabeba Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, na ubingwa. Angebaki angevipata? Na kijana wangu bado ana miaka yake minne yote ya kucheza chuo, mwaka wa kwanza kacheza mechi sita tu kwa hiyo haukuhesabiwa. Hicho chuo kidogo wanarusha mpira sana, namba atazipata.

Mama Nasra
Baba, yeye mwenyewe anataka nini? Mara ya pili hii nauliza habari za mtoto unajibu habari za mpira.

Baba wa Mrushaji
Hakukataa dada.

Mama Nasra
Hakukataa ndiyo nini?

Baba wa Mrushaji
Alitaka kubaki. Anasoma uhandisi, anasema namba moja wao anamaliza mwakani na kocha kamwambia avumilie. Mimi nikamwambia kocha ni mtu wa kuhama. Sasa niseme yote yaishe. Kuna wakala, Mwafrika mwenzetu, tulikutana kwenye harusi. Alitupa advansi dola elfu 15, ajilipe kwenye hela za jina na sura, zile mchezaji analipwa kwa jina lake kutumika kibiashara, kijana akisaini kile chuo kidogo, maana pale kwotabeki anayeanza wanamlipa vizuri. Hela nilituma Kibaha, nyumba ilikuwa imefika kwenye lenta ina miaka, mvua inaila. Kabla hamjanishambulia, ile nyumba imeandikwa jina lake. Sijaila mimi.

Kipanga wa Tandika
Kigoda nimekiacha nimehamia kwenye kochi.

Mchambuzi Huru
"Alitupa" ni nani na nani? Aliyesaini ni wewe au kijana? Kama ni wewe, huyo ni mtu mzima, saini yako haimfungi, deni ni lako na wakala wako. Kama ni yeye kasaini hajasoma, akimbilie ofisi ya kanuni za wanamichezo pale chuoni na mwanasheria, leo. Kulipwa siyo kosa, hela za jina na sura zimeruhusiwa tangu Julai 2021 na sasa vyuo vyenyewe vinalipa. Tatizo ni kumchagulia chuo kwa sababu ya mabati.

Mkenya wa Dallas
Na benchi si kifo. Jalen Hurts, QB wa Alabama, alitolewa halftime kwa fainali ya Januari 2018, mwenzake Tua Tagovailoa akaingia akamaliza Georgia, 26-23, dunia nzima inaangalia. Jamaa hakutoroka. Desemba ya mwaka huo huo Tua akaumia dhidi ya Georgia tena, Hurts akatoka benchi akaokoa mechi. Baadaye ndio akahamia Oklahoma, leo ana Super Bowl, ubingwa wa NFL.

Mpelelezi Mstaafu
Nimesoma uzi mzima kimya kimya. Wakuu hii ni chai na sukari imesahaulika. Mechi sita na mwaka haukuhesabiwa? Kanuni ni mechi nne, ukigusa ya tano mwaka umeliwa. Baba wa kwotabeki hajui kitu ambacho mimi naangalia tu na popcorn najua? Pili, Mbongo awe kwotabeki kwenye timu ya kugombea ubingwa halafu hakuna hata kundi moja la WhatsApp la diaspora lililomposti? Sisi mtoto wa mtu akishinda mbio za magunia Minnesota picha inafika Mbagala kabla hajavua gunia. Mleta uzi taja namba ya jezi.

Papa Uvira
Miye nilishaanza kumuombea. Ni uongo?

Kipanga wa Tandika
Hela ya advansi tu ndiyo imenigusa, hiyo haiwezi kuwa chai. Mtu akitunga hadithi anajipa mamilioni, hajipi lenta.

Baba wa Mrushaji
Jezi sitaji, mnataka kumharibia mtoto. Hizo sita, mbili aliingia mwishoni kupiga goti tu, timu inaongoza, saa inamalizwa. Hiyo mtu anaihesabu kama kucheza kweli?

Mchambuzi Huru
Mkuu, inahesabiwa. Hata sekunde moja. Mpelelezi anaweza kuwa sahihi kwamba ni chai, lakini kama siyo chai basi umewaambia hao makocha kijana ana miaka minne wakati ana mitatu, na wao wanajua kuhesabu. Ukweli huo ndio unaopanga bei yake. Kwa mitatu, mwaka mmoja nyuma ya namba moja kwenye timu inayomfahamu siyo hasara. Stetson Bennett aliingia Georgia bila hata ufadhili, akaondoka kwenda chuo kidogo Mississippi, akarudi benchi tena, akaja kubeba ubingwa mara mbili mfululizo, 2021 na 2022.

Mama Nasra
Mpigie mtoto leo. Usimuulize chuo, muulize kama anajua hela ilienda wapi.

Baba wa Mrushaji
Nyumba anaijua. Kiasi ndiyo hajui. Nimeuliza kule chuo cha zamani kama watamrudisha, wanasema nafasi yake wameshampa mwingine, watajibu Ijumaa. Wakala naye kapiga mara tatu leo.

Mpelelezi Mstaafu
Jezi namba ngapi?

Papa Uvira
Ndugu, samahani, hayo mabati uliweka geji gani? Na miye niko najenga kule Uvira, banasema bati ya siku hizi inaoza.

Baba wa Mrushaji
Geji 28, msauzi. Hiyo 30 usinunue mkuu, upepo ukija unaondoka nayo.

Mpelelezi Mstaafu
Hili kajibu chini ya dakika moja.